Mkeka wa Saa Tisa Usiku

Sherehe za Emmy, tuzo za televisheni za Marekani, kwa kawaida huanza saa kumi na moja jioni ya Jumapili kule Los Angeles. Dar es Salaam muda huo ni saa tisa usiku wa kuamkia Jumatatu, wakati ambao watu wenye kazi zao wamelala na mimi nahesabu kama bando litanifikisha mwisho. Usiku wa kuamkia Septemba 15, 2025 nilikuwa na karatasi mezani yenye majina manne, moja kwa kila kundi kuu la uigizaji wa tamthilia: Kathy Bates wa Matlock kwa mwigizaji mkuu wa kike, Noah Wyle wa The Pitt kwa mkuu wa kiume, Carrie Coon wa The White Lotus kwa msaidizi wa kike, na Tramell Tillman wa Severance kwa msaidizi wa kiume. Kulipopambazuka, Wyle na Tillman walikuwa wamenitoa kimasomaso. Tuzo niliyompa Bates ilikwenda kwa Britt Lower wa Severance, na ile ya Coon ikaenda kwa Katherine LaNasa wa The Pitt, ambaye sikuwa nimemweka hata nafasi ya tatu.

Jirani yangu ni mtu wa mikeka ya mpira. Alinikuta asubuhi kwa Mangi, macho mekundu, nikamsimulia. "Mbili kati ya nne," nikasema kwa kujitetea. Akacheka. "Kaka, mkeka hauna nusu. Huo umechanika." Kisha akauliza: "Kwani wewe ukitaka kujua nani atashinda, unaangalia nini?"

Nilitaka kumjibu kwamba naangalia nani ameigiza vizuri. Nikajizuia. Kwanza siyo kweli, na pili, pale ilipokuwa kweli ndipo nilipokosea.

Waliofika kwenye orodha ya mwisho karibu wote wameigiza vizuri. Hilo halisaidii kuwatenganisha. Anayebashiri kwa kupima machozi na sauti anafanya kazi ya hakimu, na yeye hajaitwa kuhukumu. Kazi yake ni kujua wanaohukumu ni nani, wametazama nini, na karatasi yao ya kura imepangwaje. Sisi huku tumezoea tuzo za "nipigie kura, linki ipo kwenye bio", ambazo ubashiri wake ni rahisi: hesabu wafuasi. Emmy haiko hivyo. Akademi ya Televisheni ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1946 na kutoa tuzo zake za kwanza Januari 1949, ni chama cha watu wa kazi hiyo. Wanachama wamegawanywa kwa fani, na wanaowapigia kura waigizaji ni hasa waigizaji wenzao. Mwaka wa tuzo unaanzia Juni 1 hadi Mei 31. Majina ya wateule hutangazwa Julai, kura ya mwisho hupigwa Agosti, sherehe hufanyika Septemba. Zinazohesabu ni ofisi za wakaguzi wa mahesabu, na idadi ya kura haitangazwi kamwe. Mtabiri wa mpira ana magoli, majeruhi na msimamo wa ligi. Wa Emmy ana orodha ya washindi wa zamani na kanuni za upigaji kura, basi.

Na kanuni hizo zimebadilika. Mengi yanayosemwa leo kuhusu "Emmy wanapenda nini" yalikuwa kweli chini ya kanuni iliyokwisha kufa.

Zamani mshindi alichaguliwa na jopo. Hadi mwaka 2000 wanajopo walikutanishwa hotelini wikiendi moja ya Agosti, wakatazama kanda pamoja. Baadaye wakaruhusiwa kutazama nyumbani. Jopo lilikuwa la makumi ya watu tu, na kila mteule aliwasilisha sehemu moja ya tamthilia yake, ile aliyoamini inamwonyesha vizuri zaidi. Wanajopo walitakiwa kuzitazama zote, kisha kuwapanga wateule kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Kwa hiyo msimu mzima haukuwa na maana kubwa. Umaarufu wa tamthilia haukuwa na maana kubwa. Kilichokuwa na maana ni dakika arobaini na tano au sitini ambazo mgeni kabisa angekutana nazo sebuleni kwake.

Hapo ndipo ilipozaliwa fani ya kweli ya kubashiri. Watabiri wazuri wa enzi hiyo walisubiri majina ya sehemu zilizowasilishwa kama wanafunzi wanavyosubiri matokeo ya kidato cha nne, halafu wakazitazama zote kwa macho ya mtu asiyejua hadithi ilikotoka. Mwaka 2008 orodha ya wanaume ilikuwa na Hugh Laurie wa House, James Spader wa Boston Legal aliyekuwa bingwa mtetezi, Jon Hamm wa Mad Men iliyokuwa gumzo la mwaka, Michael C. Hall wa Dexter, Gabriel Byrne wa In Treatment, na mtu mmoja aliyejulikana kwa vichekesho, Bryan Cranston, kutoka tamthilia changa ya sehemu saba iliyotazamwa na wachache. Cranston alipeleka sehemu ya kwanza kabisa ya Breaking Bad. Hebu mfikirie mwanajopo ambaye hajawahi kusikia jina hilo. Anabonyeza, anaona suruali ikipepea angani juu ya jangwa la New Mexico, gari kubwa linakwenda kasi, na mwanamume wa makamo aliyevaa chupi, akiwa na kinyago cha kuzuia moshi wa sumu, anaendesha kama mwehu. Gari linakwama. Mtu huyo anashuka, anachukua kamera ndogo na kurekodi maneno ya kumuaga mkewe na mwanawe, midomo ikitetemeka. Kisha hadithi inarudi nyuma, na tunamwona mwalimu wa kemia mnyonge ambaye baada ya zamu ya darasani anaosha magari. Ndani ya saa moja mwigizaji huyo amekuwa watu watatu. Laurie alikuwa mzuri vilevile, lakini uzuri wake ulihitaji umjue Daktari House kwa miaka. Cranston alishinda, akashinda tena 2009 na 2010.

Mwaka 2011 Cranston hakuwepo, na sababu ilikuwa kalenda: msimu wa nne wa Breaking Bad ulisogezwa hadi Julai, ukatoka nje ya dirisha la tuzo. Kila mtu akasema zamu ya Jon Hamm imefika. Wengine wakamtaja Steve Buscemi wa Boardwalk Empire, aliyekuwa amebeba Golden Globe na tuzo ya chama cha waigizaji, ile ya SAG, mapema mwaka huo. Aliyeondoka na tuzo ni Kyle Chandler wa Friday Night Lights, kwa sehemu ya mwisho kabisa ya tamthilia yake. Tamthilia ile watazamaji wake hawakuwahi kuwa wengi, lakini jopo halikuhitaji wengi. Vivyo hivyo Jeff Daniels mwaka 2013: wachambuzi walikuwa wakiinanga The Newsroom kila wiki, naye akapeleka sehemu ya kwanza, ambamo mtangazaji wa habari anamlipukia mwanafunzi ukumbini kwa hotuba ndefu kuhusu ukuu wa Marekani. Hotuba ndefu ilikuwa mtaji mkubwa wa enzi ya jopo. Hata mwaka 2014, Matthew McConaughey alipokuja na True Detective akiwa ametoka kushinda Oscar miezi michache nyuma, na karibu kila mkeka ukiwa umemwandika yeye, Cranston aliweka mezani "Ozymandias", sehemu ambamo familia yake inasambaratika mbele ya kisu. McConaughey akarudi mikono mitupu.

Mfumo ule ulikuwa na dosari zake, tena nyingi. Makumi ya watu ni wachache, na wenye muda wa kutazama kanda zote mara nyingi walikuwa wazee wasiokuwa na kazi kwa wakati huo. Lakini kwa mtabiri ilikuwa ndiyo enzi ya dhahabu: ushahidi wote ulikuwa wazi, na ungeweza kukaa kwenye kiti cha mpiga kura ukatazama anachotazama.

Mwaka 2015 jopo likafutwa. Kura ya mwisho ikafunguliwa kwa wanachama wote wa fani husika waliothibitisha kwamba wametazama. Mwaka uliofuata kukaja badiliko la pili, ambalo nadhani halijapewa uzito unaostahili: badala ya kuwapanga wateule wote, mpiga kura anachagua jina moja tu.

Tulia hapo kidogo. Ukiwapanga wateule sita, anayependwa kidogo na kila mtu anaweza kumshinda anayependwa sana na baadhi, kwa sababu nafasi za pili na za tatu zina thamani. Ukichagua mmoja, nafasi ya pili ni sifuri. Na kwa kuwa orodha sasa hurefuka kufuatana na idadi ya walioomba, mara nyingine hufika wateule wanane. Gawa 100 kwa 8: kinadharia mtu anaweza kuwa mwigizaji bora wa mwaka kwa asilimia 13 ya kura, asilimia 87 wakiwa wamemtaka mwingine. Swali la zamani lilikuwa "nani hatamuudhi mtu?" La sasa ni "nani ana watu wake?"

Nimekaa na orodha ya washindi tangu badiliko hilo, yaani 2016 hadi 2025, upande wa waigizaji wakuu, wanaume na wanawake: washindi 20. Kati yao, 18 walitoka kwenye tamthilia ambayo yenyewe ilikuwa imeteuliwa kuwania tuzo ya tamthilia bora. Waliopenya nje ya uzio huo ni wawili tu, Tatiana Maslany wa Orphan Black mwaka 2016 na Zendaya wa Euphoria mwaka 2020. Maslany alikuwa akicheza wanawake wengi waliotengenezwa kutokana na chembe moja, kila mmoja na lafudhi yake, mwendo wake na namna yake ya kushika kikombe. Alikuwa orodha nzima ya wateule peke yake.

Sasa rudi kwenye karatasi yangu. Matlock ya Kathy Bates haikuwemo kwenye orodha ya tamthilia bora 2025. Severance iliongoza tamthilia zote mwaka huo kwa uteuzi 27. Zaidi ya hapo, Matlock inaonyeshwa na CBS, moja ya vituo vikongwe visivyo vya kulipia, na mara ya mwisho kituo cha aina hiyo kutoa mshindi katika makundi haya manne ilikuwa 2017, Sterling K. Brown wa This Is Us. Kwa wanawake wakuu ni nyuma zaidi, Viola Davis mwaka 2015, mwanamke wa kwanza mweusi kuipata tuzo hiyo. Yote hayo nilikuwa nayo. Nikayaweka pembeni kwa sababu Bates alikuwa na miaka 77, ni gwiji, alikuwa ametoka kushinda tuzo ya wachambuzi wa Critics Choice mwezi Februari, na kila mtabiri niliyemsoma alimwandika yeye. Nilipiga kura kwa niaba ya watu ambao hawakuwa wapiga kura.

Kuna sura nyingine ndani ya washindi wale 20. Miaka ya 2016 hadi 2019, mmoja tu kati ya wanane, Elisabeth Moss wa The Handmaid's Tale, ndiye aliyetoka kwenye tamthilia iliyobeba tuzo kuu usiku uleule. Kuanzia 2020 hadi 2025 ni 8 kati ya 12. Hilo ndilo wimbi. Mwaka 2021 The Crown ilibeba tuzo kuu zote saba za tamthilia, za uigizaji nne zikiwemo, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Mwaka 2024 Shōgun ilimaliza na tuzo 18, Hiroyuki Sanada na Anna Sawai wakiwa ndani yake. Sehemu ya maelezo ni kwamba Game of Thrones, iliyotawala kabla ya hapo, wengi wa watu wake waliwania kama wasaidizi, hivyo wimbi lake lilipita pembeni mwa waigizaji wakuu. Sehemu nyingine, kwa maoni yangu, ni uchovu wa kawaida. Tamthilia ni nyingi kupita uwezo wa mtu mwenye kazi. Mwigizaji wa Los Angeles anayetoka usaili mmoja kwenda mwingine atamaliza tamthilia mbili, pengine tatu, kwa mwaka. Akifungua karatasi ya kura anawatafuta watu aliowaona.

Mtu atauliza: kama ni hivyo, kwa nini usimwandike tu aliyeshinda mwaka jana? Kwa wasaidizi ushauri huo una nguvu. Peter Dinklage alishinda mara nne kwa mhusika mmoja, Julia Garner mara tatu kwa Ozark, Matthew Macfadyen mara mbili mfululizo kwa Succession. Kwa wanaume wakuu ni mtego mtupu. Tangu 2015 hadi 2025 kumekuwa na washindi 11 na wote ni watu tofauti: Hamm, Malek, Brown, Rhys, Porter, Strong, O'Connor, Lee, Culkin, Sanada, Wyle. Nilidhani wapiga kura wamechoka na kurudia-rudia, mpaka nilipohesabu wangapi kati ya kumi wa kwanza walipata hata nafasi ya kutetea mwaka uliofuata. Wawili, Brown na Porter. Rami Malek alikuwa na msimu mpya lakini hakuteuliwa. Waliobaki tamthilia zao zilikuwa zimekwisha, au mhusika amepewa mwigizaji mwingine, au msimu ulichukua miaka kupikwa. Lee Jung-jae alishinda Septemba 2022 na msimu wa pili wa Squid Game ukaja Desemba 2024. Bingwa hapigwi, bingwa hayupo uwanjani. Zamani tamthilia ilirudi kila Septemba kama shule zinavyofungua, na ndiyo maana Spader au Dennis Franz wa NYPD Blue waliweza kuikalia tuzo.

Linalowachanganya wengi kuliko yote ni kugawana kura. Kila tamthilia moja inapoingiza wateule kadhaa kwenye kundi moja, utasikia: watakatana wenyewe kwa wenyewe, mtu wa nje atapita. Ushahidi wao ni 2019. Game of Thrones ilikuwa na wanawake wanne kati ya sita walioteuliwa kama wasaidizi: Lena Headey, Sophie Turner, Maisie Williams, na Gwendoline Christie, ambaye kituo chake hakikumwasilisha, akalipa ada mwenyewe na kujiandikisha. Julia Garner akapita katikati yao. Lakini mwaka 2021 Olivia Colman na Emma Corrin walikuwa pamoja kwenye orodha, wote wa The Crown, na Colman akashinda. Kisha tuzo za 2023, zilizosogezwa hadi Januari 2024 kwa sababu ya migomo ya Hollywood, zikaleta vituko: wasaidizi wa kiume wote wanane walitoka nyumba mbili, wanne Succession na wanne The White Lotus. Macfadyen akashinda. Upande wa wanawake The White Lotus ilikuwa na watano kati ya wanane, na Jennifer Coolidge akashinda. Kwa waigizaji wakuu, wanaume watatu wa Succession walikuwa kwenye orodha moja, baba na wanawe wawili, na aliyetwaa ni Kieran Culkin, aliyekuwa amehamia huko kutoka kundi la wasaidizi. Anayekumbuka mazishi ya baba yao hahitaji maelezo: yule kijana mbishi wa siku zote anapanda kusoma risala, anaanza kwa ujanja wake, halafu anaelekeza kidole kwenye jeneza na kuvunjika kama mtoto wa miaka mitano.

Kwa hiyo kanuni ya kugawana kura, ikisemwa hivi hivi, haina mashiko. Kinachoonekana ni kwamba nyumba yenye wengi hujidhuru pale tu inapokosa kinara. Coolidge alikuwa kinara. Mwaka mmoja nyuma alikuwa ameshashinda kwa mhusika yuleyule, tamthilia ilipokuwa bado katika kundi la hadithi fupi. Wanawake wa Game of Thrones hawakuwa na kinara. Nao wa The White Lotus mwaka 2025, Carrie Coon, Parker Posey, Natasha Rothwell na Aimee Lou Wood, hawakuwa naye pia. Kila mmoja alikuwa na kambi yake mitandaoni. Mimi nilikuwa kambi ya Coon kwa sababu ya chakula cha usiku wa mwisho, anapowaambia rafiki zake wawili wa utotoni jinsi alivyotafuta maana ya maisha kwenye kazi, kwenye mapenzi, kwenye umama, na sasa ameridhika kukaa tu nao mezani. Hotuba ndefu, tulivu, safi. Mtaji wa enzi ya jopo.

LaNasa alikuwa peke yake. The Pitt ni zamu moja ya saa 15 katika chumba cha dharura cha hospitali ya Pittsburgh, kila sehemu saa moja, na yeye ni Dana, muuguzi mkuu wa zamu, anayejua kitanda kipi kiko wazi na daktari yupi hajala. Katikati ya zamu anatoka nje kuvuta sigara, mgonjwa aliyechoshwa na kusubiri anamfuata na kumpiga ngumi ya uso. Anaanguka. Halafu anarudi kazini, jicho limevimba, na kwa masaa yaliyobaki unamtazama mtu akifanya kazi ileile aliyoipenda jana bila kujua kama kesho atakuja. Hana hotuba. Yeye mwenyewe alikuwa ameigiza kwa miongo kadhaa, mara nyingi akija sehemu moja na kuondoka, na huo ulikuwa uteuzi wake wa kwanza. Ukikumbuka wapiga kura ni akina nani, wengi wao watu wa kuja sehemu moja na kuondoka, jina lake halishangazi tena. Ila nilitakiwa kulikumbuka hilo Agosti, siyo Septemba.

Tuzo nyingine za mwaka husaidia kidogo tu. SAG inastahili kuangaliwa kwa kuwa wapiga kura wake ni waigizaji, lakini inahesabu mwaka wa kalenda na hutolewa mwanzoni mwa mwaka, wakati tamthilia nzito nyingi za Emmy hutoka kati ya Januari na Mei. The Pitt ilianza Januari 2025, kwa hiyo Wyle hakuwa na kombe la SAG la kuonyesha. Mwaka 2022 SAG iliwapa tuzo Lee Jung-jae na Jung Ho-yeon, wote wa Squid Game. Emmy ikamkubali Lee, wa kwanza kushinda kundi hilo kwa mhusika asiyezungumza Kiingereza, na kumwacha Jung kwa ajili ya Garner. Dalili moja, majibu mawili, tamthilia ileile.

Kuhusu deni. Watu hupenda kusema fulani anaidai Emmy, na mara chache deni hulipwa kwa kishindo. Susan Lucci, Erica Kane wa All My Children, aliteuliwa mara 18 kwenye Emmy za tamthilia za mchana bila kushinda, hadi jina lake likawa utani wa taifa. Mara ya 19, mwaka 1999, ukumbi mzima ulisimama. Hamm alikosa mara saba kwa Don Draper wa Mad Men, na mwaka 2015, msimu wa mwisho, alipoitwa alipanda jukwaani kwa tumbo kama mtu anayetoka bwawani. Wyle aliteuliwa mara tano kwa ER miaka ya tisini, akakosa zote, akaja kulipwa kwa koti lilelile la daktari. Lakini weka kando hadithi tamu uwahesabu wasiolipwa. Angela Lansbury aliteuliwa mara 12 kwa Murder, She Wrote pekee, bila kitu. Laurie mara sita kwa House, bila kitu. Better Call Saul ilikusanya uteuzi 53 na kuondoka bila tuzo hata moja, Bob Odenkirk akiwa na sita ya uigizaji mkuu na Rhea Seehorn akitazama wengine wakipanda. Deni lilimsaidia Wyle kwa sababu The Pitt lilikuwa wimbi. Mwigizaji anayedai kwenye tamthilia isiyokuwa na wimbi ni mdai asiyekuwa na hati.

Na ipo kalenda, ambayo husahaulika hata na waliobobea. Michael K. Williams aliteuliwa mwaka 2021 kama msaidizi kwa Lovecraft Country, na wengi walimpa nafasi ya kwanza. Alifariki Septemba 6. Mitandao ikajaa uhakika kwamba sasa atashinda kwa heshima ya kumbukumbu yake. Kura zilikuwa zimefungwa mwishoni mwa Agosti. Hakuna aliyeweza kurudi kubadilisha karatasi kwa huzuni, na tuzo ikaenda kwa Tobias Menzies wa The Crown. Kinachotokea Septemba, mahojiano, kashfa, msiba, vyote hivyo kwa mtabiri ni kelele.

Kelele kubwa kuliko zote tunazipiga sisi wenyewe. Wanaobashiri tuzo hizi ni kundi dogo linalosomana usiku na mchana. Mmoja akimwandika Bates kwa sababu wenzake kumi wamemwandika, wa kumi na mbili anaona majina kumi na moja na kudhani ameona ushahidi. Kampuni za kubeti zinapanga bei zao zikitazama kundi hilohilo, nasi tunazitazama bei hizo tukijiona tumethibitishwa. Jirani yangu aliponielewa hapo alitikisa kichwa. Kwenye mpira, alisema, kila mtu akiweka timu moja, angalau kuna wachezaji 22 ambao hawajasoma mkeka wa mtu.

Wiki iliyopita amenisimamisha tena pale kwa Mangi, safari hii akitaka jina moja la uhakika aliunganishe na timu zake tatu. Nimemwambia asubiri Julai. Orodha ikitoka nitahesabu kwanza wangapi wanatoka nyumba moja na kama wana kinara, nione nani yuko peke yake ndani ya tamthilia inayopendwa, nifute majina ambayo tamthilia zao hazikuteuliwa, na Coon wangu wa mwaka huo, yeyote atakayekuwa, nimtazame mara moja tu.

"Mara moja tu?" akauliza.

"Ndiyo. Mara ya pili nitampenda."